Saa za Ukungu

Kiswahili kimenipa neno moja kwa vitu viwili ninavyovisomea. Ukungu ni ule weupe unaoshuka juu ya Igowole usiku na kuondoka jua likishapanda. Ukungu ni pia ule uozo unaoota kwenye mkate wa juzi, kwenye majani ya viazi na kwenye ganda la parachichi. Ukiingia duka la pembejeo ukasema unataka dawa ya ukungu, muuzaji hakuulizi ukungu upi. Kwa Kiingereza, lugha ninayoandikia tasnifu yangu ya shahada ya uzamili, hivyo ni vitu viwili vyenye majina yasiyohusiana kabisa. Mwaka wangu wote wa kwanza niliutumia kujifunza hesabu zinazoviunganisha tena.

Igowole iko wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa. Ukitoka Iringa mjini kwenda Mbeya unapita Mafinga, unafika Nyololo, kisha unaiacha barabara kuu na kukata kushoto kuelekea kwenye mashamba ya chai. Nimekulia huko. Nimekua nikijua kwamba nguo haziachwi kwenye kamba jioni, kwamba kuni huingizwa ndani kabla ya magharibi, na kwamba mtoto anayekwenda shule asubuhi ya Februari atafika na soksi zimelowa chapachapa hata kama usiku kucha halikuanguka tone la mvua. Majani ya kando ya njia yanatosha kumlowesha.

Nilipokuwa shule ya msingi, utajiri wa mtu kwetu ulihesabiwa kwa ekari za mipaina na milingoti. Parachichi lilikuwa tunda la watoto na nguruwe, mti mmoja nyuma ya nyumba ambao hakuna aliyekumbuka kuupanda. Kisha ikaja Hass. Njombe walianza kuzungumza habari za kontena, Rungwe wakazungumza, na sisi tukasikia. Mpaina unausubiri miaka mingi kabla haujakupa kitu. Mche wa parachichi wa kubebesha, ukiutunza, unaweza kuanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Baba yangu mdogo aling'oa mahindi upande mmoja wa shamba akapanda miche sabini.

Kila mti wa Hass duniani umetokana na vikonyo vya mti mmoja. Mti huo uliota kwa mbegu iliyopandwa miaka ya 1920 huko La Habra Heights, California, na Rudolph Hass, mtu wa posta aliyekuwa akisambaza barua. Aliusajili kwa hataza mwaka 1935. Mti mama wenyewe ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi, ugonjwa unaoletwa na kimelea ambacho mbegu zake huogelea kwenye udongo uliojaa maji. Nikisimama katikati ya shamba la baba mdogo huwa nafikiria jambo hilo. Kuanzia pale kikonyo kilipofungwa kwenda juu, miti yake sabini ni mti mmoja uliorudiwa mara sabini. Kinachouweza mmoja kinaiweza yote.

Msimu wake wa kwanza wa kuuza nje ya nchi ulikuwa mzuri hadi siku ya mwisho. Matunda yalichumwa Juni, makubwa, ya kijani, hayana doa. Mnunuzi aliyapanga kwenye kreti, akalipa nusu, akasema nusu nyingine italipwa mzigo ukishapokelewa. Wiki zilipita. Simu ilipokuja haikuwa ya pesa. Matunda yalikuwa yamefika, yameiva, na yalipokatwa yalikuwa na madoa ya kahawia yaliyozama hadi kwenye nyama. Rijekti. Baba mdogo aliambiwa kwamba huenda aliyaangusha chini, au aliyachuma kwenye mvua, au hakupuliza dawa. Yeye alikumbuka kuwa alipuliza mara mbili. Alikumbuka pia kuwa aliyachuma kwa mkasi, yakiwa makavu. Lakini kumbukumbu yake haikuwa na karatasi, na nusu ya pili ya pesa haikuja.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Alinipigia kuniuliza swali ambalo hadi leo ndilo ninalolisomea: "Mwanangu, tunda zima linaozaje likiwa safarini?"

Jibu fupi ni kwamba halikuwa zima. Ugonjwa huo mabwana shamba wanauita chule. Wakulima wa kahawa wa Mbozi wanamjua ndugu yake, chulebuni, ambaye jina lake la kisayansi, Colletotrichum kahawae, lililotolewa mwaka 1993, limelibeba neno letu kahawa mpaka kwenye vitabu vya dunia nzima. Kuvu wa chule ya parachichi huishi kwenye vijiti vilivyokauka na majani yaliyokufa ndani ya mti. Mvua ikipiga, matone huzirusha mbegu zake hadi kwenye matunda machanga. Mbegu ikikuta ganda limelowa, na joto linatosha, inaota, inajigandisha, inatoboa kidogo, kisha inalala. Tunda bichi lina kemikali zake za kujikinga, na kuvu haoni haraka ya kupigana nazo. Anasubiri miezi. Tunda linakua, linachumwa, linasifiwa. Linapoanza kuiva kinga ile inashuka na kuvu anaamka. Ganda la Hass nalo hugeuka jeusi likiiva, kwa hiyo hata hapo doa halionekani vizuri. Linagunduliwa na mtu mwenye kisu, mbali na Igowole.

Kwa hiyo kilichoonekana sokoni katikati ya mwaka kilitokea wakati wa masika, usiku fulani, baba mdogo akiwa amelala. Anayetaka kuuzuia ugonjwa huu anatakiwa kujua ni usiku upi.

Wazo la kuutafuta usiku huo lina umri mkubwa kuliko wazazi wangu. Mwaka 1944, W. D. Mills wa Chuo Kikuu cha Cornell, New York, alichapisha jedwali kwa ajili ya wakulima wa tufaha waliosumbuliwa na ugonjwa wa ukoko. Jedwali lake linauliza mambo mawili tu: jani limekaa na maji kwa saa ngapi, na kulikuwa na joto kiasi gani. Kwenye nyuzi joto 10 za Selsiasi, saa 14 za majani kulowa zinatosha kuanzisha maambukizi mepesi. Kwenye nyuzi kati ya 17 na 24, zinatosha saa 9. Mkulima mwenye kipimajoto na saa ya mkononi aliweza kujua kwamba usiku uliopita ulikuwa wa hatari, na kwamba usiku mwingine, hata kama mvua ilitisha paa zima, haukuwa na madhara kwa sababu upepo uliyakausha majani mapema.

Namba hizo ni za tufaha na za New York. Chule ina namba zake, na inapenda joto zaidi kuliko ukoko. Lakini nilipoliona jedwali lile mara ya kwanza darasani Morogoro, kilichonikaa kichwani ni kile ambacho hakikuwemo. Milimita za mvua hazimo. Kuvu hajali mvua imejaza ndoo ngapi. Anahesabu saa.

Sisi tunapima mvua. Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za msimu, zile za Novemba hadi Aprili, kwa mikoa kama Iringa, Njombe na Mbeya, na sote tunaijua lugha yake: wastani hadi juu ya wastani, wastani hadi chini ya wastani. Utabiri huo humsaidia mtu kuamua apande mbegu gani na lini. Haukutengenezwa ili kusema majani ya parachichi pale Igowole yatakauka saa ngapi kesho, na si haki kuudai hilo. Setilaiti nazo zinatoa takwimu za bure ambazo mwanafunzi asiye na bajeti anazishukuru. Zipo za mvua zinazorudi nyuma hadi 1981, zilizogawa ardhi kwa miraba yenye upande wa kilomita 5 hivi. Zipo za joto na unyevu wa hewa zenye miraba ya kilomita 50 hivi, na hapo ndipo shida yangu inapoanza. Mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kuumeza uwanda wa juu, msitu wa Sao Hill, chai yote ya Mufindi na mteremko unaoshuka kuelekea bonde la Kilombero, ukanipa joto moja kwa sehemu zote hizo. Mtu wa Igowole anajua kwamba unaweza kuwa na ukungu mlangoni huku jirani wa kilima cha pili anaota jua.

Mufindi yenyewe si mgeni wa vipimo. Pale Ngwazi, kwenye kituo cha utafiti wa chai, wanasayansi walitumia miaka kupima hewa, udongo na maji ili wajue mchai unataka kumwagiliwa kiasi gani wakati wa kiangazi. Chai ilikuwa na mashamba makubwa nyuma yake. Parachichi letu lina wakina baba mdogo, mmoja mmoja, miche sabini hapa, arobaini pale.

Kwa hiyo nilipopata fedha kidogo za utafiti nilinunua vitu vitatu: kipimamvua, kifaa cha kurekodi joto na unyevu wa hewa, na kihisi cha unyevu wa jani, ambacho ni kipande bapa cha plastiki chenye ukubwa wa jani, kinachohisi kama kuna maji juu yake au hakuna. Nilikifunga ndani ya mmoja wa miti ya baba mdogo, kwenye kimo cha matunda. Kila baada ya dakika 15 kinaandika.

Kuna usiku mmoja wa Machi ninaouonyesha kila ninapoombwa kueleza kazi yangu. Mvua: sifuri. Kipimamvua kilikuwa kikavu kama sufuria iliyofunikwa. Joto lilicheza kwenye nyuzi 14 na 15. Na jani la plastiki lilikuwa limelowa kuanzia saa mbili usiku hadi saa nne asubuhi. Saa 14. Kwenye daftari la mvua la mahali popote, siku hiyo ingeandikwa kuwa kavu.

Nilimwonyesha bibi mchoro wa usiku huo kwenye kompyuta. Aliukazia macho, akaniuliza, "Huo mstari ndio umande?"

"Ndiyo, bibi. Umande na ukungu."

"Sasa mjukuu wangu, mlishindwa nini kuniuliza mimi?"

Tulicheka, lakini nikamuuliza. Akanieleza kwamba ukungu wa Juni na wa Februari si mmoja. Wa Juni unakula watu: mafua, kifua, magoti. Wa Februari unakula vyakula. Maharage yakikaa katika ukungu wa Februari, hasa baada ya siku ya mvua na jua kupokezana, yanatoka madoa. Wa Juni unaweza kukaa siku mbili nje na maharage yasifanye kitu. Nilirudi kwenye takwimu zangu nikaona ninachoweza kuona: Juni majani hulowa kwa muda mrefu mno, lakini kwa baridi ambayo kuvu anaiota taratibu sana. Bibi anajua kwamba maji peke yake hayatoshi, yanataka joto. Hakuwahi kusikia habari za Mills na hana haja naye.

Asichoweza bibi, na wala hasemi kwamba anaweza, ni kutofautisha usiku wa saa 8 na usiku wa saa 13 akiwa amelala. Tofauti hiyo ina bei. Dawa ya shaba, ambayo wengi wetu ndiyo tunayoimudu, inafanya kazi ya ngao. Inatakiwa iwe juu ya ganda kabla mbegu ya kuvu haijaota. Ukipuliza baada ya mbegu kujichimbia umeuosha mti tu. Ndiyo maana wenye uwezo wanapuliza kwa kalenda, kila baada ya wiki kadhaa, kuwe na hatari kusiwe na hatari, na wengine wanavuka kiwango mpaka mabaki ya dawa yenyewe yanakuwa sababu ya mzigo kukataliwa. Wasio na uwezo wanapuliza siku pesa ilipopatikana. Baba mdogo alipuliza mara mbili mwaka ule. Nikiziangalia tarehe alizonitajia, moja ilikuwa katikati ya siku kumi za jua.

Februari ndio mwezi ambao mifuko ya kwetu ni mitupu. Mahindi ya mwaka jana yanaisha, ya mwaka huu bado ni machanga, sare na madaftari vya Januari vimeshameza akiba, na mbolea imeshamwagwa shambani. Kama kuna mtu mwenye pesa Februari ni mwenye mianzi, maana mvua ndiyo inayoleta ulanzi. Mwezi huohuo ndio matunda ya parachichi ni madogo, laini na mepesi kuambukizwa. Kielelezo chochote cha kompyuta ninachoweza kukijenga kitamwambia mkulima apulize wakati hana kitu.

Hapa ndipo tasnifu yangu inaponikosesha usingizi, zaidi ya hesabu zake. Wazo linalopendwa kila ninapowasilisha kazi hii ni ujumbe mfupi wa simu: usiku wa leo ni wa hatari, puliza dawa. Ni wazo zuri na siku moja nitalifanyia kazi. Lakini najiuliza ujumbe huo ukishaingia kwenye simu ya mtu asiye na dawa wala bomba, umemwacha wapi. Mwaka ule baba mdogo aliambiwa kwamba huenda hakupuliza. Akiwa na ujumbe ule ataambiwa kwamba alitaarifiwa na hakupuliza. Hasara itakuwa ileile na sasa itakuwa na ushahidi dhidi yake. Nimekuja kuamini kwamba takwimu za hali ya hewa hazijawa msaada kwa mkulima mpaka zimeandikwa mahali ambapo yeye mwenyewe anaweza kuzisoma, kuzitunza na kuzitoa mbele ya mnunuzi.

Maana zinaweza kusema mambo mawili. Kabla ya hatari zinasema: wahi. Baada yake zinasema: haya ndiyo yaliyotokea. Hilo la pili hatulizungumzii vya kutosha. Mkulima mwenye daftari linaloonyesha kwamba Februari ilikuwa na usiku mwingi mrefu, mwingine kwa kufuatana, anaweza kukaa na mnunuzi kabla ya kuchuma wakakubaliana kwamba mzigo huu usipakiwe kwa safari ndefu ya meli. Uende Dar es Salaam au Nairobi, uliwe mapema, au ukamuliwe mafuta. Mwaka 2022 tulifunguliwa soko la China na wengi tulishangilia, lakini kila soko jipya la mbali linaongeza siku za safari, na siku za safari ndizo kuvu aliyelala anazozingoja. Daftari haliui kuvu. Linaweza kuamua tunda likaozee wapi, na hasara iwe ya nani.

Yapo pia ya kufanya yasiyosubiri pesa. Mti ulioachwa ukasongamana hukauka wa mwisho asubuhi. Ukiupogoa, ukakata vijiti vilivyokufa na kuvitoa shambani, hewa inapita, jani linakauka mapema, na usiku wa saa 13 unaweza kuwa wa saa 10. Msumeno wa kupogolea hauna kalenda. Nilipomweleza baba mdogo hivyo aliniuliza kwa nini sikuanza na hilo. Nikamwambia mwalimu wangu naye aliniuliza vivyo hivyo.

Masika haya nilirudi nyumbani kukusanya takwimu za mwisho. Nilimkuta baba mdogo anafunga mbuzi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kukichukua kile kijani chako cha plastiki?"

"Nimekuja kukisoma tu. Betri bado inafaa."

"Na Februari ijayo utakuja nani kukisoma?"

Swali lilikuwa la haki. Utafiti wangu una tarehe ya mwisho, na kifaa kile ni mali ya mradi. Nilikuwa nimeshalifikiria, ila sikuwa na jibu kubwa. Nilikuwa na kaunta buku mpya na kipimajoto cha ukutani cha bei ya kawaida. Niliketi na binti yake, aliye kidato cha tatu, nikamweleza kwamba jioni kabla ya kulala apapase majani ya mti wa karibu na jiko, aandike saa aliyokuta yamelowa. Asubuhi apapase tena mpaka yakauke, aandike saa. Atoe jibu. Pembeni aandike joto. Haitakuwa sahihi kama kihisi. Kwa wiki tatu tulilinganisha, na tofauti yetu mara nyingi ilikuwa saa moja, wakati mwingine chini ya hapo. Kwa jambo tunalolihitaji, saa moja tunaweza kuivumilia.

Aliuliza kwa nini waandike saa badala ya kuandika tu kwamba kulikuwa na ukungu. Nikamwambia kwa sababu ukungu wote haulingani. Akasema bibi husema hivyohivyo.

Siku niliyokuwa naondoka, bodaboda ikiwa imeshafika mlangoni, baba mdogo alikuwa ameshika kaunta buku lile na kulisogeza mbali na macho, kama anavyofanya na ujumbe wa simu. Ukurasa ulikuwa na mistari mitano. Wa mwisho ulisema: jana majani yamelowa saa tatu usiku, leo yamekauka saa tatu asubuhi, saa 12, nyuzi 16. Wa juu yake ulisema saa 11, na wa juu yake saa 12.

"Hizi tatu zimefuatana," alisema.

"Zimefuatana."

Alitazama juu, kwenye wingu lililokuwa linajipanga upande wa chai, kisha akamuuliza binti yake bomba la ushirika liko kwa nani wiki hii.